Ndugu Wachungu wa Nyanya

Tazama meza ya muuza mboga katika soko lolote la Morogoro, Dodoma au Arusha. Nyanya zimepangwa mafungu, viazi mbatata vimejazwa kwenye sado, hoho na pilipili mbuzi zimekaa pembeni, bilinganya zimelazwa safu, na huko mwisho, mara nyingi jirani na bamia, pana fungu la ngogwe. Ukiondoa bamia, vyote hivyo ni vya ukoo mmoja, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Solanaceae, na ambao kwa Kiswahili twaweza kuuita jamii ya mnavu. Nyanya, viazi, hoho na pilipili asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya Wahispania na Wareno kufika huko. Bilinganya ilianza kulimwa Asia. Ngogwe, yaani nyanya chungu, ndiyo pekee iliyozaliwa Afrika, na ndiyo iliyowekwa mwisho wa meza.

Nyuma yake kuna kundi kubwa zaidi ambalo halifiki sokoni kabisa. Kuna ndulele za manjano zinazoota kandokando ya barabara na kwenye malisho yaliyochoka. Kuna navu, matunda ya mnavu, vile vitunda vyeusi au vya rangi ya chungwa ambavyo watoto huvila wakitumwa kuchuma mboga. Kuna fizalisi, iliyojifungia ndani ya ganda jembamba kama karatasi, na kuna vitunda vyekundu vya porini ambavyo ndivyo mzazi wa ngogwe yenyewe. Watu huuliza kuhusu kundi hili maswali matatu: yapi yanalika, yapi yana sumu, na kwa nini hata yale yanayolika tumeyaacha. Kwa kawaida la kwanza hujibiwa jikoni, la pili hospitalini na la tatu katika ofisi ya bwana shamba. Mimi naona yote matatu yanafunguliwa na kitu kimoja, nacho ni uchungu. Katika ukoo huu uchungu ni taarifa. Aliyejifunza kuisoma ana chakula, na asiyejua kuisoma ama anaogopa kila kitu ama anakula asichopaswa kula.

Tunda linamwita nani?

Ukoo wenyewe ni mkubwa: takriban spishi 2,700 duniani, na karibu nusu yake zimo katika jenasi moja tu, Solanum. Ni wa kale pia. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza visukuku vya tunda la aina ya fizalisi vilivyochimbwa Laguna del Hunco, Patagonia, nchini Argentina. Vina umri wa miaka milioni 52, na lile ganda la karatasi pamoja na mishipa yake vinaonekana wazi juu ya jiwe.

Kwa muda wote huo mimea hii imekuwa ikihangaika na jambo lilelile: mbegu isiliwe kabla haijakomaa, na ikishakomaa ipate wa kuisafirisha. Ndiyo maana tunda bichi limejaa kemikali za kufukuzia walaji. Kubwa kati ya hizo huitwa glikoalkaloidi: solanini kwenye kiazi kilichoota rangi ya kijani, tomatini kwenye nyanya mbichi, solamajini na solasonini kwenye bilinganya na jamaa zake. Nyanya inapoiva tomatini hushuka hadi karibu iishe. Rangi nyekundu, basi, ni mwaliko. Lakini kabla ya kuupokea mwaliko huo mtu angeuliza kwanza ni nani aliyealikwa. Pilipili inamchoma mnyama mwenye meno ya kusaga mbegu, ila ndege, ambaye huzimeza nzima na kuzidondosha mbali, hausikii ukali huo hata kidogo. Tunda likiiva limeiva kwa ajili ya mtu wake, na mtu huyo si lazima awe binadamu.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ndulele. Ni tunda zuri la kutazama: la duara, la kijani lenye mabaka meupe likiwa changa, kisha manjano ya kung'aa. Mtoto yeyote angelichukua kwa nyanya ndogo. Lakini kwetu sisi ndulele inabaki na sumu hata ikiiva, na ng'ombe anaujua mmea wake vizuri. Huzunguka akala majani ya pembeni na kuuacha umesimama na miiba yake. Malisho yakiliwa kupita kiasi, nyasi zinakwisha na ndulele inabaki. Ukiona uwanda umegeuka wa majani ya kijivu na vitunda vya manjano, huhitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba mifugo imezidi.

Sasa nani anakula ndulele? Jibu lilipatikana Laikipia, Kenya, katika Kituo cha Utafiti cha Mpala. Watafiti waliweka nyuzio za aina mbalimbali: moja iliwazuia tembo, nyingine ilizuia tembo na swala pala, nyingine iliwafungia nje hadi digidigi. Baada ya karibu miaka 5 waliona kwamba mahali ambapo wanyama wote waliruhusiwa kuingia, ndulele zilikuwa chache kuliko popote, na kila mnyama mmoja alipoondolewa ziliongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Lililonivutia zaidi ni upande wa pili wa habari yenyewe. Tembo na swala pala hawakuwa maadui tu wa mmea. Walizisafirisha mbegu zikiwa hai, na kuwepo kwao kulipunguza panya na wadudu wanaozitafuna. Mlaji na mpanzi ni yuleyule. Kumfukuza tembo na kumwongeza ng'ombe, basi, ni kuvunja mapatano ya zamani na kubaki na kichaka kisicho na wa kukidhibiti.

Hata jina la kisayansi la ndulele limewahi kuchanganywa. Kwa miaka mingi vitabu viliita mimea mingi tofauti kwa jina moja, Solanum incanum. Mwaka 2013 Sandra Knapp wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, pamoja na Maria Vorontsova na Jaime Prohens, waliipanga upya. Ile ya kwetu, iliyoenea mashariki na kusini mwa Afrika, ikawekwa chini ya jina Solanum campylacanthum, na jina la zamani likabakizwa zaidi kwa ile ya nchi kavu za kaskazini hadi Uarabuni na Pakistani. Haya si mambo ya makabati ya makumbusho tu. Ndulele na bilinganya ni ndugu wa karibu mno. Babu wa bilinganya alitoka Afrika kabla wazao wake hawajaanza kulimwa Asia. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Valencia, Hispania, wazalishaji wa mbegu wameizalisha bilinganya na Solanum incanum na kupata mistari ya bilinganya yenye vipande vya jeni za porini, wakitafuta uvumilivu wa ukame. Mtafiti anayekosea jina hapo hujikuta amemchukua jamaa asiye wake.

Sumu ya ndulele haijaizuia kupata kazi. Waganga wetu wa jadi huitumia kwa jino linalouma, na mizizi yake kwa tumbo. Nchini Sudan, mbegu za jamaa yake mmoja, Solanum dubium, zina kimeng'enya cha kugandishia maziwa yawe jibini. Hayo yote ni maarifa ya watu wanaojua kipimo. Mtu akikuuzia chupa ya maji ya ndulele mtaani kwa maradhi kumi na mawili, mwache na chupa yake.

Sumu ya kusingiziwa

Ikiwa ndulele inaonekana tamu na kumbe ni sumu, navu ina msiba wa kinyume chake. Imepewa jina baya lisilokuwa lake.

Huko Ulaya kuna mmea wa Atropa belladonna, wenye tunda jeusi linalong'aa, ambao kweli unaua. Haumei porini Afrika Mashariki. Lakini vitabu vya Ulaya viliutaja pamoja na mnavu kana kwamba ni pacha, na hofu ile ikasafiri pamoja na vitabu. Matokeo yake ni kwamba hadi leo msomi aliyesoma kitabu anaweza kumzuia mtoto wa kijijini asile tunda ambalo bibi yake amelila miaka yote.

Kisa cha kuchekesha kidogo kilitokea Marekani. Mwaka 1909 muuza mbegu wa New York, John Lewis Childs, alianza kutangaza tunda jipya kutoka kwa Luther Burbank, mzalishaji mimea maarufu wa California. Burbank alidai amelipata kwa kuzalisha pamoja mnavu wa Afrika Magharibi na mnavu mwingine wa matunda ya chungwa. Wakulima wakakasirika: walisema wameuziwa gugu la kawaida, tena lenye sumu. Burbank akajibu kwa kuahidi dola 10,000 kwa atakayethibitisha kwamba tunda lake ni ule mnavu mweusi wa Ulaya. Mzozo ulijaa magazetini. Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa mimea Charles Heiser, aliyeandika kitabu kizima juu ya ukoo huu mwaka 1969, aliufuatilia na kuona kwamba kweli halikuwa mnavu wa Ulaya, ila pia halikuwa chotara aliyedaiwa. Leo huhesabiwa kuwa ni Solanum retroflexum, mnavu wa kusini mwa Afrika. Huko Afrika Kusini watu wanapika jemu ya matunda hayo, umsobo, bila kumwomba ruhusa yeyote. Kwa hiyo Wamarekani waligombana miezi na miezi juu ya swali ambalo mama wa Mpumalanga angelijibu kwa kijiko.

Kwetu navu ni za aina kadhaa. Ipo ya matunda makubwa meusi, Solanum scabrum, ipo ya matunda ya chungwa, Solanum villosum, na zipo ndogondogo za porini. Zote zilizoiva zinalika. Zile za kijani ndizo za kuachwa, kwa sababu ileile ya glikoalkaloidi. Utamu wake ni wa namna yake, kati ya nyanya iliyoiva sana na zabibu, ukiwa na kivuli cha uchungu nyuma. Wala huhitaji kujaza kikapu: viganja viwili vinatosha.

Hapa pana jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Mnavu umefufuka, lakini tunda lake limezikwa katika ufufuko huohuo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Kenya, mmoja wao mashuhuri akiwa Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, walipigania mboga za asili hadi zikatoka kwenye hadhi ya gugu na kuingia kwenye rafu za supamaketi. Wakenya wanaouita managu, Waluo wanaouita osuga, Wachaga wa Kilimanjaro na mnafu wao, wote leo wanaununua bila haya. Ila ni majani waliyoyapigania. Mkulima wa mnavu wa biashara huchuna maua yanapojitokeza, maana mmea ukianza kuzaa majani hupungua na kukakamaa. Wazalishaji nao huchagua mbegu za mmea unaochelewa kuchanua. Tunda limekuwa hasara ya muuza mboga. Mtoto wa mjini anakula mnavu mara mbili kwa wiki na hajawahi kuiona navu iliyoiva.

Silaumu. Majani ndiyo yenye soko. Nasema tu kwamba mmea ukiingia sokoni huingia na kiungo kimoja, na vingine vyake husahauliwa kwa kasi kuliko vilivyokuwa porini.

Ngogwe na wateja wake

Ngogwe ndiyo tunda la ukoo huu ambalo Waafrika walilifanyia kazi kubwa kuliko yote. Mzazi wake wa porini, Solanum anguivi, ana vitunda vyekundu vidogo vilivyoshikana vishada. Kutoka kwake wakulima, kwa vizazi vingi na bila maabara, walipata makundi manne yaliyo tofauti mno hivi kwamba wataalamu wa kwanza walidhani ni spishi mbalimbali. Kundi moja ni la matunda, ndilo ngogwe yetu na entula ya Waganda. La pili ni la majani, nakati, ambayo huko Kampala ni mboga ya kila siku. La tatu, kumba, ni la Afrika Magharibi, tunda lake pana lenye mikunjo na majani yake pia yanaliwa. La nne ni la mapambo. Wanyarwanda wana intoryi zao. Waigbo wa Nigeria humkaribisha mgeni kwa kumwekea ngogwe mbichi na siagi ya karanga yenye pilipili, kama sisi tunavyoweka kahawa na kashata. Na watumwa waliochukuliwa kutoka Angola na Kongo walivuka nayo Atlantiki. Brazili leo huliwa kwa jina la jiló, na Wabrazili hugawanyika juu yake vilevile kama Watanzania: kuna wanaoipenda kwa uchungu wake na kuna wasiotaka kuisikia.

Jikoni, ngogwe ina utaratibu wake. Huchaguliwa ikiwa changa, nyeupe maziwa au ya kijani hafifu, ngozi inang'aa, kikonyo bado kibichi. Ukiibonyeza kwa kidole gumba irudi. Ikianza kupata rangi ya chungwa kwenye mabega, mnunuzi huirudisha kwenye fungu: mbegu zimeshakuwa ngumu na uchungu umepanda. Hukatwa mara mbili au nne, huloweshwa kwenye maji yenye chumvi, na wengine huichemsha kidogo na kuyamwaga maji ya kwanza kabla ya kuiunga na bamia, dagaa au nyama, kwa nazi au kwa karanga. Kumwaga maji yale kuna maana. Glikoalkaloidi hazivunjiki kwa moto wa kawaida wa jikoni, lakini baadhi yake hutoka na maji. Waliobuni utaratibu huo hawakuwahi kusikia neno alkaloidi.

Je, uchungu wa ngogwe ni sumu? Hapo pana utata mzuri. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1989 kwamba kwenye bilinganya sehemu kubwa ya uchungu hutokana na saponini, kemikali za kundi jingine, wala si glikoalkaloidi. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania wakapima solamajini na solasonini katika matunda ya Kiafrika. Ngogwe ilikuwa chini ya kiwango kinachohesabiwa salama kwa chakula, miligramu 200 kwa kila kilo ya kitu kibichi. Lakini jamaa yake Solanum macrocarpon, inayolimwa zaidi Afrika Magharibi, matunda yake yalikuwa na kiasi mara 5 hadi 10 ya kiwango hicho. Kwa hiyo ulimi ni mlinzi mzuri ila hana hesabu kamili. Unaweza kuogopa kitu kichungu kisicho na hatari, na unaweza kuzoea kitu ambacho kingehitaji kupimwa. Kila aina ipimwe peke yake; kuhukumu ukoo mzima kwa tunda moja ni uvivu.

Uganda kuna ngogwe za porini zinazoitwa katunkuma, zile za vishada, na wengi huzila au kunywa unga wake kwa imani kwamba zinashusha presha. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha mteja mwingine kabisa, anayenunua uchungu wenyewe. Huyo ukimpelekea ngogwe tamu atakuambia umemwibia. Ila mwenye presha asiweke vidonge vya daktari kabatini kwa ajili ya unga wa katunkuma.

Na hapo ndipo ulipo mgogoro ambao maofisa wa mbegu hawapendi kuusema waziwazi. Kituo cha Kimataifa cha Mboga, ambacho makao yake makuu yako Taiwan, kilifungua ofisi Arusha mwaka 1992, na kazi yake juu ya ngogwe imekuwa ya maana. Aina inayoitwa Tengeru White ilitoka huko: nyeupe, nene, yenye kuzaa sana, na uchungu wake ni mdogo. Wakulima wameipokea na wana haki. Lakini kila mara wazalishaji wa mbegu wanapochagua, huchagua kuelekea upande mmoja, ule wa utamu, kwa kuwa mteja wa mjini ndiye anayepiga kelele. Nyanya yenyewe ilipitia njia hiyohiyo na tunajua ilikoishia: tunda kubwa, la maji, linaloshambuliwa na kila kitu chenye mdomo.

Wageni wa Andes

Matunda mawili ya ukoo huu yalikuja kutoka milima ya Andes na kujifanya wenyeji. La kwanza ni fizalisi, Waganda wakiiita ntuntunu na Wakikuyu nathi. Huota yenyewe kwenye mashamba ya nyanda za juu, mahali palipofyekwa, na watoto hulifungua ganda na kumeza vidonge vya manjano vitamu vyenye uchachu. Mbichi haziliwi. Wakolombia huziuza Ulaya kwa boksi. Kwetu sehemu kubwa huishia midomoni mwa wachunga mbuzi. La pili ni gogwe, tunda la mgogwe, lile jekundu lenye umbo la yai ambalo wengine huliita nyanya ya mti, na ambalo Wanyarwanda huliita ikinyomoro. Huko New Zealand wafanyabiashara waliona jina la nyanya linawaharibia soko, wakalibatiza upya tamarillo tarehe 31 Januari 1967, na bei ikawa ya tunda. Kenya palipita miaka ambayo miche ya mgogwe ilitangazwa kwa nguvu kuliko gogwe zenyewe, na kila mtu mwenye robo eka alitaka kuwa tajiri.

Sina ugomvi na wageni hawa. Juisi ya magogwe ni kitu cha kukumbukwa. Ninaloona ni kwamba wanapokewa kama matunda, wakati ngogwe na navu zinapokewa kama mboga za shida, na tofauti hiyo haitokani na kemia wala lishe. Kwingine watu waliyapa matunda yao ya nyikani heshima. Wenyeji asilia wa Australia ya kati huchuma Solanum centrale iliyokaukia kichakani, huisaga na kuifinyanga madonge yanayohifadhika muda mrefu, na wanajua kwa jicho ni jamaa gani wa tunda hilo lazima mbegu zake zikwanguliwe na zitupwe. Oman na nchi za Ghuba, mfugaji hula vitunda vyekundu vya awsaj, kichaka cha miiba cha jenasi Lycium, bila kujiona amefilisika.

Mahali pa kuogopa

Pana mmea mmoja wa ukoo huu ambao sitaki uchambuzi huu umpunguzie mtu hofu yake. Ni mnanaha, yaani Datura: ua jeupe refu la tarumbeta, tunda la kijani lenye miiba kama nungunungu mdogo, na ndani yake mbegu nyingi nyeusi au za kahawia. Huota majalalani, kwenye mazizi na katikati ya mahindi na soya. Sumu yake ni ya kundi tofauti kabisa, alkaloidi za tropani, zikiwemo atropini na skopolamini. Mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, mtu huanza kuzungumza na asiokuwepo. Kuiva hakuiondoi, kuchemsha hakusaidii.

Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikutwa na alkaloidi hizo. Watu 5 walifariki na mamia waliugua. Mbegu za mnanaha zilikuwa zimevunwa pamoja na mazao na kusagwa nayo, na zikishakuwa unga hakuna jicho linaloweza kuzitenga. Hapa maarifa ya bibi hayana pa kushika. Inayohitajika ni chekeche kiwandani, maabara, na palizi shambani kabla mnanaha haujafunga tunda.

Nimeliweka hili karibu na mwisho kwa makusudi. Mara nyingi likitangulia, msomaji hufunga ukurasa akiwa ameuogopa ukoo mzima, ngogwe ikiwemo.

Mizizi, wadudu na mbegu

Kuna faida ya ndugu hawa wachungu isiyopita mdomoni kabisa. Mkulima wa nyanya anajua uchungu wa kuamka na kukuta miche iliyokuwa imesimama jana imelala yote kwa mnyauko bakteria. Ugonjwa uko ardhini na hakuna dawa ya kupulizia inayoufikia. Lakini baadhi ya aina za ngogwe, na jamaa yake wa porini Solanum torvum, mizizi yake inaustahimili. Mtu anaweza kubebesha: kikonyo cha nyanya au bilinganya kinaungwa juu ya shina la ndugu huyo, kidonda kinafungwa kwa klipu, mche unawekwa kivulini kwenye unyevu mpaka upone, na tunda la juu linabaki nyanya ileile. Asia wanafanya hivyo kibiashara. Kwetu teknolojia hii inajulikana vituoni lakini mashambani bado ni ngeni, hasa kwa sababu mche uliobebeshwa ni ghali na wenye kuutengeneza ni wachache.

Wapo wanaopinga kuiacha mimea hii kandokando ya mashamba, na hoja yao ina uzito. Kantangaze, yule nondo aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 na kuzitoboa nyanya hadi watu wakaacha kulima, hupata hifadhi kwenye mnavu na jamaa wengine wakati nyanya haipo shambani. Kwa mkulima wa nyanya, mnavu pembeni ya shamba ni nyumba ya wageni ya adui yake. Sioni njia ya kumridhisha yeye na mhifadhi wa mimea kwa wakati mmoja kwenye eka ileile. Mimea ya porini ibaki porini na kwenye benki za mbegu, mnavu wa kula ulimwe mahali pake kwa mzunguko, na mkulima wa nyanya afyeke kingo zake kwa amani.

Mwaka 2019 ramani ya jeni za ngogwe ilichapishwa, chini ya mpango wa Afrika wa mazao yatima, wenye orodha ya mazao 101 yaliyosahauliwa na sayansi. Ni hatua kubwa. Ila ramani haioti. Duka la pembejeo litakuuzia pakiti ya ngogwe tamu, safi, yenye maelekezo. Zile chungu za Bukoba au Kigoma, zile za mviringo zenye michirizi ya kijani, ziko mikononi mwa wakulima wenyewe. Huliacha tunda moja bora kila mche mpaka liwe jekundu kabisa na kuanza kulainika, kisha hulipasua, huzikamua mbegu ndani ya maji, zinazoelea humwagwa, zilizozama huanikwa kivulini juu ya kitambaa, huchanganywa na majivu na kufungwa kwenye kichupa. Anayezitaka amwendee mwenye nazo mapema, amwombe aache matunda kadhaa yasichumwe, maana mwezi wa mavuno kila ngogwe ina mnunuzi, na tunda lililoachwa liive ni fedha ambayo mkulima ameamua kuikosa.